Steringi Asiyetamka Neno

Katika Straight Shooting, filamu ya kikauboi ya mwaka 1917, Harry Carey anavusha mkono wa kushoto mbele ya kifua, anashika mkono wa kulia karibu na kiwiko, kisha anatulia hivyo. Uso hauchezi, mdomo haufunguki. Lakini mtazamaji anajua papo hapo kwamba huyu mtu wa bastola ana jambo linalomkereketa na hana pa kulipeleka. Miaka 39 baadaye, mwishoni mwa The Searchers, John Wayne alisimama nje ya mlango akashika kiwiko chake vivyo hivyo, kwa kumkumbuka Carey aliyekwisha kufariki. Olive, mjane wa Carey, alikuwa mmoja wa waigizaji wa filamu hiyo. Mwongozaji wa filamu zote mbili alikuwa John Ford.

Naipenda ishara ile kwa sababu ufundi wote wa picha za kikauboi zisizo na sauti umo ndani yake. Waliozitengeneza, kuanzia mwaka 1903 hadi mwisho wa miaka ya 1920, hawakuwa na maneno ya kujifichia. Steringi hakuweza kujieleza, adui hakuweza kujigamba, mama wa watu hakuweza kulia kwa sauti. Kila kitu kilipaswa kupita mwilini, kwenye farasi, kwenye umbali kati ya mtu na mwenzake, na kwenye mwanga. Wengi huzichukulia picha hizi kama utoto wa sinema, kitu cha kuvumilia huku ukingoja mambo yenyewe yaanze. Mimi naamini kuna mambo sinema iliyajua mwaka 1917 ikayasahau ilipojifunza kusema.

Kisa cha Straight Shooting hakimpi shida mtu wa Kanda ya Ziwa. Mfugaji mkubwa, mwenye mifugo isiyohesabika na watu wenye silaha, anataka wakulima wahame bondeni, na anawabana kwenye maji. Kijana wa mzee mmoja mkulima anakwenda mtoni kuchota, anapigwa risasi. Cheyenne Harry, jambazi aliyekodiwa na mfugaji kuja kuwafukuza wakulima hao, anafika na kuikuta familia ikizika. Anawatazama waombolezaji, na mtu aliyekuja kwa kazi ya bunduki anajikuta hana la kufanya na mikono yake. Kadi ya maandishi inakuja baadaye kueleza, lakini uamuzi umeshafanyika usoni. Sisi tuliosoma habari za wakulima na wafugaji wa Kilosa, na tunaojua jinsi ugomvi wa malisho na shamba unavyoweza kuanzia kwenye kisima kimoja, hatuhitaji kuambiwa ni kwa nini mzee yule hawezi kuhama.

Tazama pia jinsi Harry anavyoingizwa kwenye hadithi. Kwenye shina la mti kumepigiliwa tangazo la zawadi kwa atakayemkamata, na Harry mwenyewe anachomoza kichwa kutoka kwenye pango la mti uleule. Kwa picha moja umeshaelewa kwamba anasakwa, kwamba haogopi, na kwamba porini ndiko nyumbani kwake. Mwandishi angehitaji ukurasa mzima.

Nilimwonyesha filamu hii mzee mmoja, mfugaji wa Misungwi anayefikia kwa jirani yangu akija mjini kwa matibabu. Muvi si kitu chake. Alikaa kimya muda mrefu, kisha kundi la ng'ombe lilipopita akasogeza kiti. "Huyu wa pembeni anajua ng'ombe, mwanangu," akasema, akigusa skrini kwa kidole. "Yule wa nyuma anajua farasi tu." Alikuwa ameona jambo ambalo vitabu vya historia ya sinema vinalithibitisha. Nyika za magharibi mwa Marekani zilipozungushiwa seng'enge na kazi za kuswaga makundi makubwa kwisha, wachungaji wengi wa kweli walikwenda Los Angeles kutafuta vibarua, na kampuni za filamu ziliwachukua kwa siku. Waliopanda farasi nyuma ya Carey ni watu waliokuwa wakiifanya kazi hiyo miaka michache tu kabla. Walipanda kama watu waliochoka kupanda. Hakuna chuo cha uigizaji kinachoweza kufundisha jambo hilo, na waliolijua wamekwisha.

Kamera yenyewe ilizungushwa kwa mkono. Mpiga picha alishika mpini akazungusha, mara nyingi fremu kama 16 hadi 20 kwa sekunde, huku akikisia mwendo wa kinachopita mbele yake. Akitaka mbio zionekane kali zaidi, alizungusha polepole kidogo, na mkanda ulipoonyeshwa farasi waliongezeka kasi. Akitaka jambo liwe zito, alizungusha haraka. Mwendo wa hadithi ulikuwa begani mwa mtu. Sauti ilipoingia, mwendo ukafungwa kwenye fremu 24, kwa kuwa sikio halivumilii sauti inayopanda na kushuka. Tangu hapo mikanda ya zamani ikawa inapitishwa ovyo kwenye mashine za mwendo mpya, na vizazi vikakua vikiamini kwamba watu wa zamani kwenye picha walitembea kama vifaranga. Mwonyeshaji ndiye aliyekosea. Ukiiona picha hiyohiyo ikipita kwa mwendo wake, Carey anatembea taratibu, kisigino kwanza, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake.

Wala hazikuwa nyeusi na nyeupe tupu. Mikanda mingi ilichovywa rangi: samawati kwa usiku, njano iliyoiva kwa taa za ndani, nyekundu kwa moto. Ford alikuwa na miaka 23 alipotengeneza Straight Shooting, filamu yake ndefu ya kwanza, na tayari alikuwa ameshaujua mlango. Anaiweka kamera ndani, gizani. Mlango uko wazi. Nje bonde linawaka jua. Anayepita pale anabaki umbo tu, uso hauonekani, na bado unamtambua kwa jinsi anavyoegemeza uzito kwenye mguu mmoja. Kisha kuna pambano la mtaani, Harry na rafiki yake wa zamani aliyebaki upande wa mfugaji. Wanasogeleana. Kamera inatoka kwa mmoja inakwenda kwa mwingine. Risasi haitasikika, na Ford analijua hilo, kwa hiyo nguvu zake zote anaziweka kwenye kusubiri.

Waliokulia kwenye vibanda umiza vya video vya Mabatini, Kirumba au Igoma hapa Mwanza wana macho ya kuzitazama picha hizi, hata kama hawajawahi kuiona hata moja. Waliangalia picha za Hong Kong, za Bombay na za Hollywood bila kushika neno, wakamjua steringi kwa jinsi alivyoingia mlangoni na adui kwa jinsi alivyocheka. Ukali wa macho waliupata hapo. Kisha wakaja watafsiri wa muvi, na Derek Mukandala, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Lufufu, akazijaza kanda za video kwa sauti yake, akisema kwa niaba ya kila mtu, akiongeza majina ya kwetu na maonyo ya kwetu. Watu walikodi kanda kwa sababu yake. Japan enzi za sinema isiyo na sauti ilikuwa na watu wa kazi hiyohiyo, walioitwa benshi: msimulizi alikaa kando ya kiwambo akisimulia filamu moja kwa moja, na walikuwapo mashabiki walioingia ukumbini kumfuata yeye kuliko waigizaji. Nawaheshimu watafsiri wote hao. Lakini Straight Shooting ningependa mtu aione kwanza bila msaada, kwa macho yake ya kibandani.

Tatizo ni kwamba za kuona zimebaki chache. Uchunguzi uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya filamu ndefu karibu 11,000 zisizo na sauti zilizotengenezwa nchini humo kati ya 1912 na 1929, asilimia 14 tu ndizo zilizobaki kamili katika umbo lake la awali. Mkanda wa wakati ule ulitengenezwa kwa naitreti, kemikali inayoshika moto haraka na kuendelea kuwaka hata ukiuzamisha majini. Usipoungua unaoza wenyewe, unanata, mwisho unakuwa unga. Tena ulikuwa na madini ya fedha ndani yake, na kampuni nyingi ziliona fedha hiyo ni mali kuliko picha. Filamu ikishazunguka kwenye kumbi na sauti ikishaingia, nani angelipa gharama za ghala? Julai 1937 ghala la kampuni ya Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliwaka moto, na sehemu kubwa ya filamu zake za enzi ya kimya ikateketea, zikiwamo nyingi za Tom Mix, kauboi aliyekuwa mashuhuri kuliko wote wakati wake. Three Jumps Ahead ya mwaka 1923, ambayo Ford aliiongoza na Mix akaicheza, imebaki kwenye fotografia: farasi yuko hewani, anaruka kutoka ukingo mmoja wa genge hadi wa pili, na watu hadi leo wanabishana ni nani aliyekuwa juu ya tandiko. Mruko wenyewe haupo tena.

Ford na Carey walitengeneza pamoja filamu zaidi ya 20. Zilizosalimika zinahesabika kwa vidole, na nyingi zilipatikana mbali na nyumbani. Straight Shooting ilionekana Prague mwaka 1966, kwenye hifadhi ya filamu ya Chekoslovakia. Bucking Broadway, ya mwaka huohuo wa 1917, ilipatikana Ufaransa. The Scarlet Drop ya 1918 imeibuka juzijuzi kwenye ghala moja jijini Santiago, Chile. Sababu ni ya kibiashara tu. Nakala ilisafiri ukumbi hadi ukumbi, nchi hadi nchi, ikazidi kuchakaa, na ilipofika mwisho wa safari nauli ya kuirudisha ilikuwa kubwa kuliko thamani yake. Ikaachwa hukohuko. Dawson City, mji wa wachimba dhahabu kaskazini mwa Kanada, ulikuwa mwisho wa njia kiasi kwamba mikanda iliyoishia pale ilitumika kujazia shimo la bwawa la kuogelea. Mwaka 1978 mafundi wa ujenzi waliifukua, rili zaidi ya 500, na baridi ya ardhi ile ilikuwa imeihifadhi.

Mwanza nayo ni mwisho wa njia. Reli kutoka Tabora ilifika hapa mwaka 1928, wakati sinema isiyo na sauti ikikata roho. Lakini joto letu si rafiki wa naitreti, na siwezi kumshauri mtu apekue dari za maduka ya zamani kwa matumaini hayo. Sinema ya enzi ile ilifika Afrika Mashariki, bila shaka: Zanzibar, mfanyabiashara Jariwalla alikuwa na ukumbi wake wa Royal tangu 1921, jengo la fahari ambalo baadaye liliungua na nafasi yake ikachukuliwa na Majestic. Tanganyika yenyewe ilitengeneza filamu zisizo na sauti ya ndani ya mkanda. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa filamu za mafunzo kwa Waafrika: minyoo, kahawa, ngozi, akiba ya posta. Maneno yalitoka kwenye sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha, na lori lilizunguka nazo hadi Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Zilitengenezwa 35. Zinazojulikana kubaki ni tatu. Nyingi za nyuso za watu wa Tanganyika wa miaka ile, mikono yao ikifanya kazi, zimepotea kama alivyopotea farasi wa Tom Mix, na upotevu huu wa pili unaniuma zaidi.

Unaniuma hivyohivyo nikiwafikiria makauboi weusi, ambao walikuwa wengi kwenye malisho halisi ya Marekani na wachache mno kwenye picha. Oscar Micheaux, mtoto wa watu waliowahi kuwa watumwa, alilima shamba lake mwenyewe South Dakota, akaandika riwaya juu ya maisha hayo, kisha mwaka 1919 akaigeuza kuwa filamu, The Homesteader. Hadi leo haijapatikana. Nyingine yake ya mwaka uliofuata, The Symbol of the Unconquered, ilikutwa Ubelgiji. Na Bill Pickett wa Texas, aliyemrukia fahali kutoka juu ya farasi, akamshika pembe na kumng'ata mdomo hadi akalala, alichezeshwa The Bull-Dogger mwanzoni mwa miaka ya 1920. Vimebaki vipande. Mzee wa Misungwi angestahili kuviona vyote.

Ford naye hakuwa mtakatifu. Katika The Iron Horse ya mwaka 1924, hadithi ya reli iliyounganisha pwani mbili za Marekani mwaka 1869, wenyeji wa nchi ile wanashambulia treni, na kwa muda tunawaona kama vivuli tu vinavyokimbia kwenye ubavu wa mabehewa. Ni picha nzuri ajabu. Na ndani yake hakuna mtu, kuna vivuli. Waliokuwa na nchi wamegeuzwa giza kwenye ukuta wa mali ya mwingine. Nalisema hilo huku nikiendelea kustaajabia aliyewaza kuiweka kamera pale. Anayetazama kutoka kwenye mji ulioletewa reli na wakoloni, tena miaka minne tu baada ya filamu ile, hawezi kuona upande mmoja tu.

Mtu huyohuyo alifika kwetu. Mwishoni mwa 1952, akiwa na miaka 58, Ford alipiga kambi ya mahema mengi kando ya Mto Kagera, ule unaomwaga maji yake Ziwa Victoria, kutengeneza Mogambo na Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly. Kama hadithi, Mogambo si kitu cha kujivunia: Wazungu wanapendana mbele, Waafrika wanabeba mizigo nyuma. Lakini Ford alifanya jambo moja ambalo Hollywood ya wakati ule ililifanya kwa nadra. Hakuweka okestra. Mahali pa fidla aliweka muziki wa watu wa huku, na majina yao yako kwenye orodha ya mwanzo wa filamu: Wagenia wa Kongo, Wasamburu wa Kenya, na Wahaya wa Tanganyika. Naamini alikuwa akikumbuka kazi yake ya ujana. Filamu zisizo na sauti hazikuja na muziki uliofungwa ndani yake. Kila mji uliweka wa kwake, piano hapa, bendi pale, na filamu moja ilikuwa na sauti nyingi kadiri ya kumbi zilizoionyesha.

Kwa hiyo hakuna sababu ya kungoja ruhusa ya mtu. Filamu hizi sasa ni mali ya umma huko zilikotoka, na zilizosafishwa vizuri zinapatikana kwa kifurushi cha kawaida cha intaneti. Kwa Mwanza ningeanza na Bucking Broadway, si Straight Shooting, kwa sababu inachangamsha mapema na haichukui hata saa nzima. Cheyenne Harry anamchongea binti wa tajiri yake moyo mdogo wa mti. Binti anadanganywa na mtanashati wa mjini, anafuatana naye New York. Moyo ule unarudishwa kama ujumbe, na Harry anapanda treni. Mwishoni wachungaji wenzake wanaingia mjini na farasi zao, mbio katikati ya magari na majengo marefu, kwenda kuzipiga hotelini. Shuka jeupe ukutani Kirumba, projekta ya kuazima, na wapiga ngoma wa Kisukuma waliokwisha kuiona mara moja mchana ili wajue farasi wanakwenda mwendo gani. Mtafsiri asipewe kipaza sauti hadi mara ya pili.